Nafasi ya nne haipatikani kwa kumfunga Yanga

Mzunguko wa pili wa Ligi Kuu ukishaanza, ubishi wa soka hugawanyika. Kariakoo wanagombania ubingwa, jambo lisilo na jipya: tangu Mtibwa Sugar watwae taji mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, ni Azam pekee, msimu wa 2013/14, waliopenya katikati ya Simba na Yanga. Mikoani hoja ni nyingine. Tanga, Singida, Mbeya, Ruangwa, watu wanabishana nani atamaliza wa nne, kwa sababu mambo yakienda sawa nafasi hiyo ina tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ndani yake.

Mara nyingi ubishi huu huanza na karatasi. Mzee mmoja pale Tanga, kikombe cha kahawa mkononi, shabiki wa Coastal Union tangu ule ubingwa wa 1988, anaandika mechi zilizobaki. Anaanza na za wakubwa. "Yanga anakuja kwetu, tunamfunga. Simba, sare. Azam kule Chamazi, tukibana tunatoka na moja." Kijana aliyekaa pembeni anamkatiza: "Na Prisons kule Sokoine, mzee wangu?" Mzee hata hainui macho. "Prisons tatu." Namungo tatu. Dodoma Jiji tatu. Anajumlisha, anapata 52, anakunja karatasi na kuitia mfukoni kama mtu aliyemaliza kazi.

Makosa yote ya hesabu za nafasi ya nne yamo kwenye karatasi ile. Akili yote imekwenda kwenye mechi sita, na zile 24 zimepitiwa juu juu.

Tuzichukue hizo 24 polepole. Ligi ina timu 16 na kila timu inacheza mechi 30. Ukiwatoa Simba, Yanga na Azam, unabaki na wapinzani 12, nyumbani na ugenini, na humo mna pointi 72. Sasa chukulia timu ya kawaida kabisa inayofungwa mechi zote sita za wakubwa, haiambulii hata sare. Nyumbani, dhidi ya wa saizi yake, inashinda tisa, inatoka sare mbili na kufungwa moja: pointi 29. Ugenini inashinda tatu, sare tano, inafungwa nne: pointi 14. Jumla 43. Hakuna maajabu humo. Ni timu inayoheshimu uwanja wake na kusafiri bila papara. Msimu wa 2023/24 Coastal Union walimaliza wa nne na pointi 40 na ushei, zaidi ya pointi 20 nyuma ya Simba waliokuwa wa tatu. Timu yangu ya kwenye mfano, isiyojua kumfunga mkubwa hata mmoja, ingekuwa inapumulia shingoni mwao.

Msimu uliofuata bei ilipanda. Singida Black Stars walichukua nafasi ileile kwa pointi 50 na ushei. Kutoka 43 kufika 50 unahitaji nini? Nyumbani geuza sare moja iwe ushindi, zifike 31. Ugenini shinda tano badala ya tatu, sare nne, fungwa tatu, upate 19. Bado hujamgusa Simba wala Yanga. Tofauti ya timu ya pointi 43 na ya pointi 50 ni jioni tatu za kawaida kwenye viwanja ambavyo kamera hazigombanii kwenda: Sokoine mvua imenyesha, Kaitaba upepo wa ziwa unavuma, Majaliwa kule Ruangwa baada ya safari ya basi inayochosha miguu kabla mpira haujaanza.

Kama kumfunga Yanga kungekuwa ndiyo njia, Ihefu wangemiliki nafasi hiyo. Tarehe 29 Novemba 2022, Highland Estate, Mbarali, waliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Nchi nzima iliwajua Mbogo Maji siku ile. Tarehe 4 Oktoba 2023 Yanga wakarudi uwanja uleule, wakafungwa tena, tena 2-1. Misimu yote miwili Ihefu hawakumaliza wa nne: wa kwanza nafasi ilikwenda kwa Singida Big Stars, wa pili kwa Coastal. Ushindi ule mara mbili ulikuwa na thamani ya pointi sita, sawasawa na kumfunga Kagera Sugar nyumbani na ugenini, ila Kagera Sugar ukiwafunga hakuna atakayekupigia simu kutoka Dar kukupongeza. (Ihefu wenyewe baadaye walihamishiwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Watu wa Mbarali wamebaki na kumbukumbu za mechi mbili na timu iliyokwenda kuzaa matunda kwa jirani.)

Ukitaka kujua nafasi ya nne inavyojengwa, rudi kwa Coastal ile ya 2023/24. Chini ya kocha Mkenya David Ouma, Wagosi wa Kaya hawakuwa timu ya kufunga mabao mengi. Walikuwa na kipa Mkongomani, Ley Matampi, aliyemaliza msimu na mechi 15 bila kuruhusu bao, akampiku hata Djigui Diarra wa Yanga na kutwaa tuzo ya kipa bora. Mechi 15 kati ya 30. Usipofungwa huwezi kukosa pointi moja, kwa hiyo nusu ya msimu Coastal walikuwa wanaingia uwanjani na kutoka na kitu hata siku ambazo washambuliaji wao wamelala. Kila mara mpira wa kona mmoja au faulo moja nje ya boksi ilipozaa bao, pointi moja ikawa tatu. Ni soka ambalo jukwaani linawachosha watu, na nimesikia mashabiki wa Tanga wakililalamikia wakati timu yao imekaa nafasi ya nne.

Geita Gold, misimu miwili kabla, walipita mlango mwingine. Fred Felix Minziro alikuwa na George Mpole, na Mpole alifunga mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, akawa mfungaji bora wa ligi nzima akiwa na timu ya mkoani. Mshambuliaji wa namna hiyo kazi yake kubwa haiko kwenye mechi za wakubwa. Iko kwenye zile dakika za 80 na kitu, 0-0, Nyankumbu, mpinzani amekuja kujilinda, na mtu mmoja anapata nafasi moja na hapotezi. Klabu ya kati haina fedha za kuwa bora kila idara. Ikipata kitu kimoja kilicho bora kuliko cha wenzake, iwe kipa au mfungaji, na kitu hicho kikadumu mpaka Mei, inaingia kwenye mazungumzo.

Neno "mpaka Mei" ndilo linalowakosesha usingizi viongozi. Kuna dirisha dogo la Januari. Januari 2024 Simba walimchukua Edwin Balua kutoka Tanzania Prisons na Ladack Chasambi kutoka Mtibwa Sugar, vijana wawili waliokuwa wanabeba safu za mbele za timu zao. Mtibwa walishuka daraja msimu uleule. Sisemi walishuka kwa sababu ya Chasambi peke yake, walikuwa na shida nyingi, lakini mchambuzi anayekadiria nafasi ya nne mwezi Desemba bila kuuliza nani ataitwa Kariakoo mwezi Januari anajidanganya. Timu ikiwa ya nne wakati wa Krismasi, maana yake ina mchezaji anayetamaniwa.

Halafu kuna viporo. Simba na Yanga wakiwa kwenye mechi za CAF, mechi zao za ligi husogezwa, na msimamo wa Februari unakuwa picha isiyosomeka: huyu kacheza 17, yule 20, mwingine 21. Shabiki wa mkoani anaiona timu yake iko pointi mbili nyuma ya Azam na kuanza kuota nafasi ya tatu, akisahau kwamba Azam ana viporo viwili mkononi. Na viporo vyenyewe vinaposhuka, vinashuka vibaya. Mechi ya Simba ambayo ungeicheza Novemba, wakati wao wanachezesha kikosi cha pili kupumzisha watu, unaicheza Mei wakati ubingwa umebana na kila bao lina maana. Msimu wa 2024/25 hata dabi yenyewe ya Kariakoo, iliyopangwa Machi 8, ilikwenda kuchezwa Juni 25. Ligi inayoweza kuahirisha mechi hiyo kwa zaidi ya miezi mitatu haiwezi kukupa msimamo wa kuaminika katikati ya safari.

Jambo jingine lisiloonekana kwenye karatasi ni neno "nyumbani". Coastal waliomaliza wa nne walikuwa na Mkwakwani. Msimu uliofuata Mkwakwani ikawa haitumiki, na mechi zao za nyumbani dhidi ya Yanga na Simba walizicheza Sheikh Amri Abeid, Arusha. Yanga wakashinda 1-0, Simba wakashinda 3-0. Kwenye ratiba zinasomeka ni mechi za nyumbani. Kwa mchezaji aliyelala hotelini Arusha na kuingia uwanja ambao nusu ya jukwaa imevaa nyekundu, ni ugenini. Hata pale uwanja upo na uko wazi, klabu nyingi za mikoani huipeleka mechi ya Simba au Yanga kwenye uwanja mkubwa zaidi kwa sababu ya mapato ya mlangoni, na siwalaumu, mishahara inalipwa kwa fedha. Ila usije ukaziweka pointi tatu za mechi hiyo kwenye hesabu kisa ni ya nyumbani.

Mabao nayo. Watu huhesabu pointi na kuyasahau mabao mpaka siku ya mwisho. Msimu huohuo wa 2023/24 Azam na Simba walimaliza wote na pointi 69. Simba walikuwa wamempiga Azam 3-0 Mei 9, baada ya sare ya 1-1 Mwanza mwezi Februari. Kwa ubishi wa mtaani Simba ndiye bora. Kwa tofauti ya mabao Azam alikaa juu, akaenda Ligi ya Mabingwa, na Simba akashushwa Kombe la Shirikisho. Kile kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga, Novemba 5, 2023, ambacho Wanamsimbazi walikichukulia kuwa aibu ya siku moja, kiliwagharimu mabao manne kwenye mizani iliyokuja kuwaangusha miezi sita baadaye. Kwa timu zinazogombea nafasi ya nne funzo ni la moja kwa moja: ukifungwa 2-0 na Yanga dakika ya 70, funga mlango, usitafute heshima. (Mwisho wa hadithi hiyo una kejeli yake. Azam kwenye Ligi ya Mabingwa alitolewa hatua ya kwanza na APR, 1-0 Chamazi na 0-2 Kigali. Simba, huko alikoshushwa, alifika fainali.)

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba ukimaliza wa nne umemaliza. Bado. Nafasi ya nne Tanzania ni tiketi ambayo uwepo wake unaamuliwa na watu wengine, kwenye mashindano mengine, na mara nyingine baada ya wewe kumaliza kazi yako.

Nenda Arusha, Julai 2, 2022. Ligi imeisha, Geita Gold ni wa nne, na mji wa Geita mzima unasubiri mechi ambayo timu yao haichezi. Ni fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, Yanga na Coastal Union. Bingwa wa kombe hilo anapata tiketi ya Shirikisho Afrika. Yanga wakishinda, wao tayari ni mabingwa wa ligi na wanakwenda Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo tiketi inateremka ligini mpaka kwa wa nne. Coastal wakishinda, tiketi ni yao na Geita wanabaki na cheti. Mchezo ulikwisha 3-3. Mabao yote matatu ya Coastal alifunga mtu mmoja, Abdul Suleiman Sopu, na kila alipofunga, kazi ya Geita ya msimu mzima ilikuwa inayeyuka. Yakaja matuta, Yanga wakashinda. Geita walifuzu kwenda Afrika kwa penalti ambazo hakuna mchezaji wao hata mmoja aliyezipiga.

Hapo ndipo ubishi wa mashabiki unapokuwa mtamu, maana unagusa moyo. Ukweli ambao hatupendi kuusema ni kwamba shabiki wa timu ya mkoani mara nyingi ana timu mbili. Tanga anaweza kuwa Coastal na Simba, au Coastal na Yanga, na akikutana na wa African Sports anakuwa Coastal peke yake. Wenye msimamo mkali huwaita hawa wanafiki. Mimi naona kwenye nafasi ya nne hao wenye mioyo miwili ndio wanaoelewa mambo yalivyo. Anayetaka timu yake ifuzu kupitia ligi ana kila sababu ya kutaka kombe libaki kwa mmoja wa wale watatu wa juu. Misimu ya karibuni limekuwa likibaki huko: Simba 2021 Kigoma, kisha Yanga mara nne mfululizo. Ndiyo maana tumezoea kusema "wa nne anakwenda Afrika" kana kwamba imeandikwa kwenye jiwe. Siku timu ya katikati ya msimamo itakapobeba kombe hilo, kuna mji utalia.

Juu ya kombe kuna CAF. Nchi 12 za juu kwenye viwango vyake ndizo zinazopata nafasi nne, mbili kila shindano. Nyingine zinabaki na mbili kwa jumla. Viwango hivyo hupigwa kwa misimu mitano, na msimu wa karibuni una uzito wa tano, uliotangulia wa nne, hivyo hivyo kushuka mpaka moja. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ina pointi tatu, kwa hiyo mwaka wake wa kwanza inahesabiwa 15. Kufika fainali ya Shirikisho na kuikosa ni nne, yaani 20. Sasa rudi nyuma uone tiketi ya wa nne ilitoka wapi. Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018/19, nchi ikapata nafasi nne, na KMC waliokuwa wa nne wakaenda Afrika. Agosti 2019 Simba wakatolewa mapema na UD Songo ya Msumbiji kwa bao la ugenini, na kwa msimu wa 2020/21 tukarudi kwenye nafasi mbili: Simba na Namungo tu. Simba wakafika tena robo fainali 2020/21, Biashara United ya Musoma wakapata tiketi. Baada ya hapo Yanga wakafika fainali ya Shirikisho 2023, Simba 2025, na katikati kuna robo fainali za wote wawili.

Kwa hiyo jamaa wa Musoma aliyekaa mbele ya runinga akishangilia Simba kufungwa na Waarabu, alikuwa anashangilia tiketi yake kuchanwa. Nimewahi kumweleza hivyo mtu mmoja, akanijibu kwamba afadhali ichanwe. Nilimwelewa pia.

Swali ambalo vijiweni halipewi nafasi ni timu inaifanyia nini tiketi ikishaipata. Orodha ya walioipata kwa kumaliza wa nne ni hii: KMC 2019, Biashara 2021, Geita 2022, Singida Big Stars 2023, Coastal 2024, Singida Black Stars 2025. Klabu sita, hakuna aliyerudia. Hiyo si bahati mbaya.

Biashara waliitoa Dikhil ya Djibouti, kisha Oktoba 2021 wakaifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam. Mabao mawili mkononi, na safari ya Libya mbele yao. Hawakusafiri. Timu haikufanikiwa kupanda ndege kwenda kulinda mabao yake, ikaondolewa, na mwisho wa msimu ikashuka daraja. Geita walitolewa na Hilal Alsahil ya Sudan kwa bao la ugenini, Mpole akaenda FC Lupopo ya Kongo, na 2024 Wachimba Dhahabu nao wakashuka. Singida Big Stars, wakiwa wamebadili jina kuwa Singida Fountain Gate, waliitoa JKU, wakaifunga Future ya Misri 1-0 hapa na kupigwa 4-1 kule, na mwaka uliofuata wa ligi, wakiitwa Fountain Gate, wakajikuta kwenye mtoano wa kukwepa kushuka. Coastal walifungwa 3-0 Angola na Bravos do Maquis, wakatoka 0-0 Dar, na Ouma, kocha aliyewapeleka, akaachishwa kazi kabla Agosti haijaisha.

Ukiangalia kwa karibu, utaona mtego. Tiketi inakuja Juni. Hatua ya awali inachezwa Agosti au Septemba, kabla kikosi hakijazoeana, wakati wachezaji bora wameshaondoka kwa sababu hiyo hiyo ya kumaliza wa nne. Safari ya Afrika inakula bajeti ya usajili. Msimu wa 2024/25 CAF ilianza kuzisaidia klabu za hatua za awali kwa dola 50,000, fedha ambazo Biashara wa 2021 hawakuzijua, lakini kikosi cha watu 20 na ushei kwenda Angola na kurudi kinazimaliza mara moja. Na mji wenyewe hauioni mechi. Viwanja vya mikoani havikidhi masharti ya CAF, hivyo Musoma, Geita, Singida na Tanga wote wamepelekewa Afrika yao Dar es Salaam. Mashabiki wa Karume pale Musoma waliopiga ngoma mwaka mzima waliiona Al Ahli Tripoli kwenye kioo kama mtu wa Kigoma tu.

Singida Black Stars wamevunja mwiko huo. Septemba 2025 waliitoa Rayon Sports kwa kuwafunga Kigali 1-0 na Chamazi 2-1, kisha wakaitoa Flambeau du Centre ya Burundi na kuingia hatua ya makundi, wa kwanza kufika huko kwa tiketi ya nafasi ya nne tangu tiketi hizo zianze kutoka 2019. Walikuwa na kocha Miguel Gamondi anayejua Afrika tangu alipokuwa Yanga, na walikuwa na kikosi kipana. Mwenye fedha za kujenga kikosi kama hicho ni mtu mwingine kabisa kwenye ligi hii, na sioni haki ya kumlinganisha na Geita ya Minziro.

Lakini makundi yana faida ambayo haiishii Singida. Kushika mkia wa kundi la Shirikisho kuna nusu pointi kwenye viwango vya CAF, na kwa msimu wa karibuni ni 2.5 baada ya kuzidishwa. Namungo walipitia huko 2020/21, wakiwa na tiketi ya kombe: walipoteza mechi zote sita, wakachekwa, na nchi ikaandikiwa nusu yake. Msimu wa 2025/26 Tanzania imeingiza timu zote nne kwenye makundi, Simba na Yanga Ligi ya Mabingwa, Azam na Singida Shirikisho. Inatakiwa iwe hivyo, kwa sababu robo fainali ya Simba ya 2020/21 inatoka kwenye dirisha la misimu mitano viwango vinapopigwa kwa ajili ya 2026/27, na lazima pengo lake lizibwe na mtu. Mara hii sehemu ya kuliziba imeangukia kwa Azam na kwa timu iliyomaliza wa nne.